Ndoa Ikiwa Dilala, Sisi Juu ya Maji

Katika vitabu vya chama chetu ndoa imeandikwa mara nyingi, na vizuri. Wenzetu wameeleza namna ujumbe wa kwanza unavyokwenda kubisha hodi, namna mali inavyohesabiwa, namna mashangazi wanavyomfundisha bibi arusi. Lakini wote waliandika kwa upande wa wale waliokuwapo. Hatujasoma bado neno juu ya yule aliyealikwa, akangojewa, kiti chake kikawekwa, na hakufika. Sisi tutaandika juu ya huyo, sababu katika mwezi wa saba wa mwaka 2019 huyo mtu alikuwa sisi.

Msomaji wa Dilala anaijua kalenda yetu. Mvua ikikatika, barabara zinakauka, baridi ya asubuhi inaingia, shule zinafunga, na hapo ndoa zinaanza kufuatana kama magari ya treni. Kila siku ya posho (tunaendelea kuita hivyo siku ya sita, hata kama kampuni haigawi tena posho kwa mtu yeyote) kuna muziki kwenye barabara tatu ao ine. Lakini kiangazi hicho hicho ni wakati wa safari. Wazee walioyeyusha shaba ya nchi hii, wale walioitwa walaji wa shaba, walikwenda machimboni wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakakaa kambini, wakarudi kabla ya mvua. Watu wa samaki nao hufuata maji yanaposhuka. Kwa hiyo tangu zamani miezi ya kuoana na miezi ya kutokuwapo nyumbani ni miezi ile ile. Mtu akisema kwamba kukosa ndoa ya rafiki ni ugonjwa wa siku hizi, wa watu waliozidi kazi, hajafikiri vizuri.

Tena kuna jambo ambalo tunalifundisha darasani kila mwaka na wanafunzi wanalipenda. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walianza mwaka 1957 kuchimba makaburi ya watu wa kale. Walikuta vyungu vizuri sana, vyuma, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba. Sasa, kule kwenye maziwa shaba haichimbwi. Ilitoka kusini, upande wetu huu, ikashuka hadi kwa wavuvi. Misalaba ya shaba ilikuwa feza, na feza ile ililipa pia mali ya ndoa. Ndiyo misalaba ambayo wakubwa wetu waliiona mitatu kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Shaba ilishuka, samaki wakapanda, na katikati watu wakaoana. Tunasema hivi mapema ili msomaji asishangae akisikia namna ndoa ya mwalimu wa hesabu wa Dilala ilivyofungwa na samaki wa Kisale.

Huyo mwalimu wa hesabu ni rafiki yetu. Tulianza kazi pamoja, tukigawana meza moja na, tuseme, kiti kimoja na nusu. Mwaka 2014 alifiwa na bibi yake. Tulikaa naye matanga, tulisimama karibu naye kaburini, na miaka iliyofuata tulikula bukari kwake siku nyingi kuliko kwetu, kwa kuogopa asiwe anakula peke yake na watoto wakimtazama. Alipotuambia kwamba amepata mama mwingine wa kukaa naye, tulifurahi pengine kuliko yeye.

Ila mwanaume mfiwa anayeoa tena hutazamwa kwa jicho lingine. Wakwe wapya waliuliza maswali: Wa kwanza alikufa na nini? Familia ya marehemu walipewa haki yao? Watoto watamwita huyu nani? Ni maswali ya haki, sisi hatuyalaumu. Lakini yalikula wakati. Tarehe ilihamishwa mara mbili, mwisho ikaangukia siku ya posho, tarehe 20 ya mwezi wa saba. Na mjomba wetu wa Bukama alikuwa amekwisha kupanga kuondoka na mashua yake siku ya kwanza ya juma lile, tarehe 15, kwa safari ya majuma sita.

Msomaji atauliza: kwa nini hamkumwambia mjomba aondoke bila ninyi? Jibu ni mali. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inaiheshimu mali, na wakwe wanaiheshimu kuliko Kanuni. Orodha, ile ambayo mjini tunaiita faktire, ilikuwa na suti ya baba, vikwembe vya mama, blanketi, mbuzi, na kiasi cha feza ambacho hatutakiandika hapa. Nusu ilikuwa imelipwa. Nusu ingine wakwe walikubali kuingojea hadi mwezi wa tisa. Rafiki yetu alitia akiba yake yote katika biashara ya samaki wa kukaushwa pamoja na mjomba, na sisi tukatia feza ya masomo ya binti yetu. Akiba ya walimu wawili haitumwi peke yake kwenye maji. Mmoja alipaswa kukaa nayo, na bwana arusi hawezi kukimbia ndoa yake.

Aliposikia tarehe, alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Ndugu, ulisimama na miye ku kaburi. Ku ndoa nitasimama na nani?» Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai.

Sasa tueleze mashua, sababu wengi wa Kolwezi wanadhani Lualaba ni mabwawa tu. Ni kweli, huku kwetu mto huu umefungwa: Nzilo na Nseke, mabwawa ya miaka ya 1950, yanatupa umeme ambao unaangaza Dilala wakati unapotaka. Kutoka hapo maji yanashuka kwa nguvu kati ya mawe, hakuna mashua inayopita. Yakifika Bukama yanatulia. Reli ilifika pale mwaka 1918, na kuanzia pale mtu anaweza kwenda na mashua hadi Kongolo, kilomita zaidi ya 600, akipita Kikondja, Malemba-Nkulu, Mulongo, Ankoro na Kabalo.

Mashua ya mjomba si ile balenieri kubwa inayobeba watu mia. Ni ya mbao, urefu hatua kumi na mbili, upana watu wawili wakilala wanagusana mabega. Ina motere ndogo ya nguvu ya farasi 15, na sababu esanse ni bei, ina mti wa kusimamisha tanga wakati upepo ni mzuri kwenye maji mapana. Ndani yake watu watano walipaswa kuishi: kupika, kulala, kuoga nusu nusu, kugombana na kupatana.

Kwa safari ya kamyo unafunga mizigo. Kwa kukaa ndani ya mashua unafungua mizigo na kutoa. Tulikuwa tumeandaa valizi moja, kartoni mbili za vitabu vya kusahihisha na kiti kidogo cha kukunja. Mjomba alicheka kwenye telefone mpaka akakohoa. «Mwipwa wangu, mashua haiko nyumba. Acha bintu, leta mwili.» Akatupa kipimo cha pahali petu pa kulala: urefu mita moja na sentimita 80, upana sentimita 60. Sisi ni mwalimu. Tulichukua chaki tukachora kipimo kile kwenye sima ya sebule, tukalala ndani yake usiku sita. Usiku wa kwanza tuliamka mguu mmoja uko Dilala na mwingine uko ndani ya maji. Watoto walihesabu makosa asubuhi. Kufika usiku wa tano tulikuwa tumejifunza kugeuka bila kutoka nje ya chaki, na mama wa watoto akasema kama mashua ingekuja zamani angekuwa amelala vizuri miaka kumi na nane.

Vitu vilivyobaki ni hivi. Mfuko wa unga wa muhindi na wa unga wa muhogo nusu. Chumvi nyingi, sababu chumvi inabadilishwa kwa samaki. Mafuta, sukari kidogo, makala mifuko miwili, na mbabula iliyowekwa ndani ya karai yenye mchanga ili moto usile mbao. Chandarua. Dawa ya malaria. Bido mbili za maji ya kunywa, na sheria ya mjomba kwamba hakuna anayekunywa maji ya ziwa bila kuchemshwa, hata akiwa na kiu ya namna gani, juu kolera inakaa katika vijiji vile kama mwenyeji. Tochi. Kamba. Kopo la kutolea maji yanayoingia, sababu yanaingia kila siku, hata kama mbao zimezibwa vizuri na matambara na lami. Madaftari yetu tulifunga ndani ya plastiki tatu. Koti la kazi tuliliacha, na tutaeleza kwa nini.

Kazi ya kushona tanga ilitupa taabu ambayo haikutoka kwenye sindano. Tulinunua bashi ya kamyo iliyochakaa, tukaitandika uani, tukaanza kushona kingo. Jirani alipita akauliza tunafanya nini. Tukajibu: tunashona tanga. Tanga! Kwetu matanga ni kilio, na juma lile ndoa ilikuwa mlangoni, ndoa ya mtu aliyekwisha kufiwa mara moja. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika hadi kwa mama ya bwana arusi kwamba kwa mwalimu wa Kiswahili kuna maandalizi ya matanga. Akaja mbio, kitambaa mkononi. Tulimweleza kwamba watu wa pwani wanaita tanga nguo ile inayoshika upepo, neno moja, mambo mawili. Akatazama bashi, akatutazama sisi, akasema: «Nyie walimu mutatuua na maneno.» Tangu siku ile tuliita bashi yetu bashi.

Kilichobaki ni kiti. Nkambo wetu wa upande wa mama, ambaye wakati ule alikuwa hai bado na akili yake kali, alituita. Hakuuliza juu ya chakula wala juu ya viboko. Aliuliza: «Unaacha nini mu ile kiti yako?» Tukasema tutatuma feza na kikwembe kipya. Akatikisa kichwa. Baba yake, alituambia, alikuwa mtu wa kupeleka chumvi na majembe kwenye maziwa na kurudi na samaki, na alikosa ndoa za ndugu zake wawili. Kila mara aliacha vitu vitatu. Nguo ambayo alikwisha kuivaa, isiyofuliwa, ili pahali pake pabaki na jasho lake. Kitu cha kula, ili awe ndani ya tumbo la ndoa. Na neno, ndani ya kinywa cha mtu wa damu yake. Nguo mpya, nkambo alisema, haijui mtu. Na neno la karatasi ni la komini.

Hatujui kama desturi hii ilikuwa ya watu wote ao ya nyumba yetu peke yake. Tumeuliza wazee wengine wa Dilala: mmoja alisema kwao waliacha fimbo, mwingine kwamba kwao asiyekuja hakuacha kitu, alilipa tu aliporudi. Lakini wote watatu walikubali kwamba mtu haendi hivi hivi. Kutokuwapo kunaandaliwa, sawa na safari.

Basi koti letu la kazi, lenye chaki kwenye mikono yote miwili, liliwekwa pembeni. Chakula kilikuwa rahisi: mifuko miwili ya unga. Neno ndilo lilitutoa jasho. Kijana wetu mkubwa alikuwa na miaka kumi na nne, mwenye haya, sauti yake ikivunjika katikati ya kila sentensi. Tulimwandikia hotuba ya kurasa mbili. Tulipomsikiliza usiku wa kwanza tuliona ni hotuba ya mkaguzi wa shule. Tukakata. Usiku wa pili tukakata tena. Mwisho yalibaki maneno ambayo mtoto anaweza kuyabeba bila kuyaangusha: Baba anawasalimia. Baba alisimama na baba huyu siku ya uchungu. Leo amenituma nisimame na koti lake. Bibi arusi, ukikosa kitu, nyumba yetu ni ya pili kwa mkono wa kuume.

Mdogo wa bwana arusi alitaka pia turekodi salamu kwenye telefone, zionyeshwe ukumbini. Tulirekodi. Hatukatai vitu vipya. Baadaye tuliambiwa kwamba zilionyeshwa wakati chakula kinapita, na kwamba watu waliona midomo yetu inacheza.

Tuliondoka Dilala tarehe 13, tukapita Lubudi na Luena, na usiku wa tarehe 14 tulilala ndani ya mashua ikiwa bado imefungwa ukingoni Bukama, chini ya daraja la treni. Kipimo cha chaki kilikuwa cha kweli. Mambo ambayo chaki haikutufundisha ni harufu ya lami, na mlio wa maji chini ya sikio, karibu sana, kama mtu anayetaka kusema jambo na haamui.

Tarehe 20 tulikuwa Kisale. Msomaji ambaye hajafika ajue kwamba katika ziwa lile mafunjo yanajifunga pamoja yakawa visiwa vinavyoelea, na kuna wavuvi wanaojenga nyumba juu yake. Upepo ukivuma, visiwa vinatembea, na njia uliyopita jana leo ni ukuta. Asubuhi ile tulikuta ukuta. Motere ikazimwa, bashi ikashushwa, tukafunga kamba kwenye mafunjo na kungojea. Hakukuwa na reseau. Saa nne mjomba aliuliza: «Sasa beko wapi?» Tukasema: wanatoka komini. Saa sita akauliza tena. Wanaingia kanisani. Tulipofika kwenye ukumbi, saa tisa, mjomba alisimama katikati ya mashua, akavaa shati lake la pekee lenye vifungo vyote, akaanza kupiga mikono na kuimba. Vijana wakafuata. Kutoka kisiwani mwanamke mmoja mvuvi alituuliza ni nani anaoa. Tukamwambia: rafiki yetu, Kolwezi. Aliuliza kwa nini basi tuko pale. Mjomba akajibu kwamba tunatafuta mali. Aliingia ndani ya nyumba yake ya majani, akarudi na kambale mkubwa akaturushia. «Ya bibi arusi,» akasema. Hatukumla. Tulimpasua, tukamtia chumvi, tukamtengea kitambaa chake.

Usiku wengine walilala upesi. Sisi tuliosha masufuria yote, hata yale yaliyokuwa safi.

Habari tuliipata siku nne baadaye, Malemba-Nkulu, telefone ilipoamka. Mama wa watoto alisimulia kwa haraka sababu ya unite. Koti liliwekwa kwenye kiti karibu na bwana arusi, na watu walicheka kwanza, kisha waliacha. Kijana alisimama. Sauti ilivunjika mara moja tu. Alisema yote. Lakini alipomaliza hakuketi. Aliongeza, bila kutumwa na mtu: «Baba hakukuja juu anafuata nusu ya mali iliyobakia.» Ukumbi mzima ulinyamaza. Habari ya nusu ile ilikuwa siri ya wazee wa pande mbili. Baba ya bibi arusi, mtu asiyecheka, alisimama polepole, akatazama koti, akasema: «Kama njo vile, tutangojea samaki.» Hapo nyumba ilianguka kwa vigelegele, na bwana arusi, ambaye tangu asubuhi alikuwa mkavu kama mti, alilia.

Tulirudi mwisho wa mwezi wa nane na vikapu kumi na vinane. Viwili vilikuwa vimeoza chini. Vingine viliuzwa vizuri, na tarehe 7 ya mwezi wa tisa tulikaa pamoja na rafiki yetu kwenye mkeka wa wakwe, tukahesabu nusu iliyobaki, ikatosha. Kambale wa Kisale alitolewa kitambaani akapewa mwenyewe. Mwanamke yule alimnusa, akamgeuza pande zote, akasema yuko mzuri kuliko mbuzi aliyetolewa siku ya ndoa. Tulidhani mambo yamekwisha.

Mjomba ya bibi arusi akakohoa. Kwao, akasema, rafiki wa kusimamia ndoa akikosa, analipa amande, hata kama aliacha koti. Alitaka mbuzi. Tulijitetea kwa muda mrefu, tukitaja historia, Sanga, misalaba ya shaba, njia ya samaki. Alisikiliza yote kwa heshima, kisha akasema mbuzi ao kikapu kimoja cha samaki na kuku jike. Kikapu tulitoa palepale. Kuku hatujatoa bado, na miaka inapita. Yeye akitukuta sokoni haulizi habari za nyumbani, anauliza habari za kuku. Koti letu nalo halijarudi. Rafiki yetu analo kabatini, halijafuliwa, na anasema litatoka siku kuku atakapofika.